Viza ya India kutoka Kalokol: pesa hupotea wapi?



Tulipoenda Kalokol kwa siku ya huduma kwa wateja, tulijiandaa kwa maswali yale tunayoyajua: nimetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi, nimesahau nambari ya siri, laini yangu imefungwa. Tuliweka meza chini ya mti karibu na soko la samaki, jua la Turkana likifanya kazi yake, na maswali yakaja hivyo hivyo hadi kama saa nane mchana. Ndipo akaja mama mmoja anayenunua samaki wakavu kwa wavuvi wa Longech, ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ferguson's Gulf na mawimbi ya ziwa, kisha anawapeleka Lodwar na Kitale. Hakuuliza kitu. Alitoa simu akatuonyesha ujumbe: shilingi 14,500 zimetumwa kwa nambari ya mtu binafsi. Chini yake ujumbe mwingine, shilingi 6,000, nambari ile ile.

"Hii ni ya viza," akasema. "Kijana wangu anamaliza chuo India. Nataka kumwona akivaa joho. Sasa huyu mtu wa viza hashiki simu."

Pesa ya kwanza, aliambiwa, ni ada ya viza. Ya pili ni ya "kuharakisha". Siku tatu zilikuwa zimepita tangu atume ya pili. Tuliangalia upande wetu: zote mbili zilikuwa zimetolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kuingia. Hapo hatukuwa na pesa ya kurudisha.

Tumeomba ruhusa yake kusimulia kisa hiki, kwa sababu tangu siku hiyo tumepata maswali yanayofanana nacho kutoka Lodwar, Kakuma na hata Lokichoggio. Na jambo tulilojifunza ni hili: ombi la viza ya mtandaoni mara nyingi haliharibiki mikononi mwa ofisa wa uhamiaji. Linaharibika mapema, kabla ofisa hajaliona, kwa sababu ya ukurasa ambao mtu ameufungua na jina ambalo mtu ameliandika. Yote mawili unaweza kuyasimamia mwenyewe, ukiwa na simu, pasipoti na subira kidogo.

Kwanza kabisa, unahitaji viza?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini kuna watu wanalipishwa viza wasiyoihitaji. Mkenya anayekwenda Uganda au Rwanda anaweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa; mpango huo ulianza 2014. Kwa hiyo ukipitia Lokiriama kwenda Moroto kumwona mjomba, hakuna mtu anayepaswa kukuuzia viza. Ethiopia unahitaji pasipoti, lakini si viza. Afrika Kusini, tangu Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka.

India ni tofauti. Viza ni lazima, ila Mkenya anaweza kuiomba kwenye mtandao bila kwenda Nairobi kupanga foleni. Tutatumia India kama mfano kote katika somo hili, kwa sababu ndiko mama yetu alikuwa anaenda, na kwa sababu familia nyingi za Kenya zina mtu aliyeenda huko kusoma au kutibiwa. Nchi nyingine zina kurasa zao na ada zao, lakini njia ya kuibiwa ni ile ile.

Kama bado huna pasipoti, anza hapo. Ombi hufanywa kwenye eCitizen na malipo huenda kwa paybill 222222, nambari ambayo serikali ilianza kuitumia kwa huduma zake zote mwaka 2023. Hakuna "ada ya ofisa" ya kutumwa pembeni. Huduma Centre ya Lodwar wanaweza kukuelekeza. Jipangie pia safari ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ukiweka miadi Eldoret, ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Lokichar, Kainuk na Kitale, kwa hiyo nauli na mahali pa kulala viwe kwenye bajeti kabla hujafikiria tiketi ya ndege. Pasipoti yenyewe iwe na angalau miezi sita mbele kuanzia siku ya kuwasili India, na kurasa mbili tupu za kugongwa muhuri.

Viza ya utalii si viza ya kila kitu

Viza ya utalii ya India inakubali matembezi na kuwaona ndugu au marafiki. Mama anayekwenda kwenye mahafali ya mwanawe anaingia humo. Lakini mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji asiombe ya utalii eti kwa sababu rafiki yake aliombewa hiyo na ikapita. Iko viza ya mtandaoni ya matibabu, na iko nyingine ya wanaomsindikiza mgonjwa, watu wasiozidi wawili. Hospitali ya huko hutoa barua, na barua hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye ombi. Ukienda na viza isiyofaa, tatizo litakukuta ukiwa tayari mbali na nyumbani, na mgonjwa mkononi.

Na hapa tuseme jambo moja kwa vijana wetu wa Lodwar, hasa wasichana, ingawa si la India. Akija mtu akikuahidi kazi ya nyumbani au ya duka kule Ghuba, halafu akakuonyesha viza ya utalii, simama hapo hapo. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Ukifika nayo na mwajiri akakunyima mshahara au akachukua pasipoti yako, unakuwa huna karatasi ya kukutetea. Uliza jina la shirika, kisha uangalie kama limesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Usitume hata shilingi mia tano ya "fomu" kabla ya hapo. Tunajua kazi ni haba, na hatusemi haya kwa kejeli.

Wateja wetu wa Kakuma na Kalobeyei

Sehemu hii ni fupi lakini imewagharimu watu pesa. Kama wewe ni mkimbizi na unasafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi, si pasipoti ya taifa lako, viza ya mtandaoni ya India haikuhusu. Masharti yao yanasema wazi kwamba wenye hati za kimataifa za kusafiria hawaruhusiwi kutumia njia hiyo. Utaomba kupitia ubalozi wa India, Nairobi, kwa karatasi na miadi. Mtu akikuambia "nipe hati yako nitakuombea ya mtandaoni," anachukua ada ya ombi ambalo litakataliwa, na ada ya ombi lililokataliwa hairudi. Huenda yeye mwenyewe hajui. Matokeo ni yale yale.

Ukurasa sahihi

Turudi kwa mama. Kijana wa saiba alimwambia amefungua "tovuti ya ubalozi". Tulimwomba mama atuonyeshe kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp. Kilikuwa na neno India, neno viza, bendera nzuri, picha ya Taj Mahal, na mwisho wake ni .com.

Ukurasa rasmi wa viza ya mtandaoni ya India ni indianvisaonline.gov.in. Tazama mwisho wake: .gov.in. Hiyo .gov.in ni ya serikali ya India, kama vile .go.ke ilivyo ya serikali ya Kenya; mfanyabiashara wa kawaida hawezi kuinunua. Kitu cha kusoma ni kile kipande kilicho kabla tu ya mkwaju wa kwanza. Mtu anaweza kutengeneza anwani ndefu yenye maneno gov na india katikati, lakini kama inaishia kwa .com au .org kabla ya mkwaju huo, si ya serikali.

Ukitafuta kwenye Google, kurasa za kwanza kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Baadhi ni kampuni za kati ambazo kweli hupeleka ombi lako, ila zinakulipisha ada ya ziada kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe. Nyingine ni wezi tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo usitafute. Andika anwani yenyewe kwa mkono, herufi kwa herufi, kule juu kabisa.

Hatuna vita na saiba, jamani. Nyingi zinafanya kazi ya heshima, na si kila mtu ana simu ya kujazia fomu ndefu. Mlipe kijana wa saiba kwa kuandika na kupiga chapa, kama unavyomlipa mwenye boda kwa safari. Lakini ada ya viza isipite kwenye simu yake. Na usimwachie picha ya pasipoti na kitambulisho kwenye kompyuta yake wala kwenye WhatsApp yake. Mwambie afute ukiwa umesimama hapo. Picha hizo mbili zinatosha mtu mwingine kujaribu kusajili laini kwa jina lako.

Jina

Hapa ndipo tulikaa na mama muda mrefu zaidi, hata chai ikapoa.

Majina ya Turkana yana uzuri wake na hatari yake. Chukua mfano wa jina la kawaida, ambalo si la mama huyu: mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua anaitwa Ekiru akiwa mvulana, Akiru akiwa msichana. Herufi moja tu. Karani ambaye si mtu wa huku anasikia sauti moja, anaandika anavyojua. Wengi wetu tuna kitambulisho chenye herufi hii, cheti cha shule chenye herufi ile, na akaunti ya pesa kwenye simu iliyosajiliwa na jina la tatu kabisa. Kwa maisha ya Kalokol haina shida, kila mtu anajua wewe ni nani. Kwenye ombi la viza, mwanamke aliyeandikwa kwa jina la kiume ni mtu mwingine.

Kanuni ni moja: andika kilichoko kwenye pasipoti, hata kama unajua kimekosewa. Kama pasipoti ina kosa, rekebisha pasipoti kwanza. Fomu ya viza si mahali pa kurekebishia. Njia rahisi ni kufungua ukurasa wa pasipoti wenye picha yako na kutazama chini kabisa, kwenye mistari miwili yenye herufi kubwa na alama nyingi kama mishale. Mashine ya uwanja wa ndege husoma mistari hiyo. Jina la ukoo linatangulia, halafu mishale miwili, halafu majina mengine. Kwenye fomu, jina la ukoo linaingia kwenye sehemu ya "Surname" na yale mengine kwenye "Given name". Wengi hugeuza, kwa sababu sisi tumezoea kuanza na jina la ubatizo.

Tarehe ya kuzaliwa, vivyo hivyo. Huenda nyanya alikuambia ulizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, na huenda ana haki kuliko karatasi. Nakili ya pasipoti. Nambari ya pasipoti isome kwa sauti, tarakimu moja moja, na mtu mwingine aangalie; sifuri na herufi O ni ndugu mapacha. Nambari ikikosewa, kibali kitatolewa kwa pasipoti isiyokuwepo, na utarudishwa kwenye kaunta ya ndege. Dawa yake ni kuomba upya na kulipa upya.

Fomu ya India ni ndefu na ina maswali yanayoshangaza watu. Inauliza dini, kiwango cha elimu na alama inayoonekana mwilini. Inauliza majina ya baba na mama, uraia wao na mahali walikozaliwa, wawe hai au la. Kwa wazee wa hapa, "mahali pa kuzaliwa" ni malisho fulani kando ya Turkwel au Kerio. Andika kijiji au mji wa karibu unaojulikana, na uandike hivyo hivyo kila ukiulizwa. Inauliza nchi ulizotembelea katika miaka 10 iliyopita. Ile safari ya Moroto kwa kitambulisho nayo ni safari ya nje ya nchi, iandike. Inataka pia jina, anwani na simu ya mtu wa India na ya mtu wa Kenya. Mama alikuwa na mwanawe upande mmoja na kaka yake upande wa pili. Waambie watu hao kabla, wasishtuke wakipigiwa.

Kila mtoto anahitaji pasipoti yake na ombi lake.

Ukianza kujaza, fomu itakupa nambari ya ombi ya muda. Iandike kwenye daftari. Si kwenye simu tu, kwenye daftari. Mtandao wa Longech tunaujua wote. Ukikatika katikati ya ukurasa, nambari hiyo ndiyo itakurudisha pale ulipoachia badala ya kuanza upya. Ushauri wetu ni kujaza ukiwa Kalokol mjini au Lodwar, asubuhi, simu ikiwa na chaji na bando.

Picha mbili zinazokwamisha watu

Wanataka picha yako ya uso na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha. Ya uso iwe ya JPEG, urefu na upana sawa, nyuma peupe, macho wazi, bila miwani, na uzito kati ya kilobaiti 10 na megabaiti 1. Nakala ya pasipoti iwe PDF, kilobaiti 10 hadi 300. Simu za siku hizi zinapiga picha nzito kuliko hapo, kwa hiyo utahitaji programu ya kuipunguza. Kazi kama hiyo ndiyo ya kumlipa kijana wa saiba.

Mwanga wa Turkana ni mkali, unatupa kivuli nyuma ya kichwa. Simama kivulini mbele ya ukuta mweupe, hatua mbili kutoka ukutani. Na kwa akina mama wanaovaa shanga shingoni: hazijakatazwa, mradi uso wote uonekane kutoka kidevuni hadi juu ya paji.

Kulipa

Ukurasa wa India hauna paybill. Unapokea kadi, na kwa miaka mingi hapa ndipo mwenye simu alipokwama na kumtafuta "mtu mwenye kadi". Huyo mtu mwenye kadi ndiye mlango wa wizi.

Leo huhitaji kuwa na benki. Ndani ya programu yetu kuna kadi ya mtandaoni: nambari 16, tarehe ya mwisho, na tarakimu tatu za usalama. Inachota pesa kwenye salio lako la simu. Ukifika kwenye ukurasa wa malipo, andika nambari hizo, kisha uthibitishe kwa ujumbe utakaokuja kwenye simu yako. Mambo machache tumeona yakisumbua wateja, tuyataje.

Ada huhesabiwa kwa dola na hutegemea uraia wako, muda wa viza na hata msimu. Ukurasa wenyewe utakuonyesha kiasi kabla hujalipa. Juu yake kuna asilimia ndogo ya benki, halafu kuna kubadilisha dola kuwa shilingi. Kwa hiyo usiweke salio la kutosha kamili. Ongeza kidogo, la sivyo malipo yatakataliwa kwa upungufu wa shilingi arubaini.

Malipo yakikwama, usibonyeze tena kwa hasira. Kwanza tazama ujumbe wetu: pesa imekatwa au haijakatwa? Kama imekatwa na ukurasa wa India hauonyeshi, subiri saa kadhaa, kisha uingie na nambari yako ya ombi na uangalie hali ya malipo. Ukishindwa zaidi ya mara tatu ombi hufungwa, na itabidi ujaze fomu nzima upya. Tumeona mteja aliyebonyeza mara tano ndani ya dakika kumi akiwa kwenye matatu.

Baada ya kulipa, rudi kwenye programu ufunge kadi hadi utakapoihitaji tena. Nambari ya siri usimpe mtu, hata anayesema anapiga kutoka kwetu. Sisi hatuiulizi.

Sasa, kwa nini tunasisitiza kadi kuliko kutuma kwa mtu? Malipo ya kadi yana jina la aliyelipwa na rekodi inayoweza kufuatwa, na unaweza kuyapinga rasmi. Pesa iliyotumwa kwa nambari ya mtu ni kama noti uliyoiweka mkononi mwake. Ikiwa bado imo kwenye akaunti yake tunaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, iliyobaki ni kazi ya polisi. Kwa hiyo ukihisi umedanganywa, usingoje kesho wala usianze kubishana na mwizi kwenye WhatsApp. Tupigie dakika hiyo hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi na zile SMS, uandikishe. Mama alikuwa amesubiri siku tatu kwa aibu. Alituambia aliogopa kuonekana mjinga. Si mjinga. Anakopesha wavuvi nyavu na kukumbuka deni la kila mmoja bila daftari. Alichokosa ni anwani moja ya tovuti.

Ukishalipa

Viza ya utalii ya siku 30 huombwa ndani ya siku 30 kabla ya kuwasili, wala si chini ya siku nne. Ile ya mwaka mmoja inaweza kuombwa hadi siku 120 kabla. Usiiache hadi siku nne hizo, tafadhali, kwa sababu wakikuomba picha nyingine na wewe uko kisiwani hakuna mtandao, siku zinaisha.

Majibu huja kwa barua pepe. Tumia barua pepe yako mwenyewe, si ya saiba. Ujumbe wa kwamba ombi limepokelewa si viza. Ingia kwenye ukurasa uangalie mpaka hali isome "Granted", halafu upige chapa kibali na kukibeba. Alama za vidole zitachukuliwa ukifika, na ni lazima uingilie uwanja wa ndege ulio kwenye orodha yao ya viza ya mtandaoni. Viwanja vikubwa kama Delhi na Mumbai vimo.

Kuna karatasi moja ambayo fomu haitakukumbusha kwa ukali unaostahili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya India. Ukifika bila cheti wanaweza kukuweka karantini hadi siku sita, na siku sita ni mahafali yote yamekwisha. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Uliza mapema hospitali ya rufaa ya kaunti pale Lodwar wakuelekeze pa kuchanjwa. Usiiache hadi siku ya ndege.

Kwa wenye maboti na kambi za wageni

Tukiwa bado Kalokol, kijana mmoja anayepeleka watalii Central Island kwa boti alitusikia akasema shida hiyo anayo kinyume: wageni wake wa Ulaya walilipa ukurasa feki wa Kenya wakafika wakiwa wamenuna. Ni kweli, inatokea. Kenya iliacha viza Januari 2024, na badala yake mgeni anaomba kibali cha mtandaoni, eTA, kwenye etakenya.go.ke. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakihitaji. Ukijibu mgeni anayeuliza bei ya boti au ya kuona mawe ya Namoratunga, mtumie na anwani hiyo kwenye ujumbe ule ule, pamoja na barua ya mahali atakapolala maana ataulizwa. Kijana alisema ataibandika kwenye maelezo ya WhatsApp yake. Wazo zuri, tumeliiba.

Mama alirudi kwetu Lodwar wiki mbili baadaye, na pasipoti kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Tulikaa naye, yeye akibonyeza, sisi tukisoma. Ilichukua saa moja na nusu, pamoja na kumpigia kaka yake mara mbili kuuliza mama yao alizaliwa wapi. Malipo yalipita mara ya kwanza. Kiasi kilichokatwa kilikuwa chini ya kile alichotuma mara ya kwanza kwa yule mtu, na alikitazama kwa muda bila kusema neno.

Kibali kilikuja siku ya tatu. Alitupigia akiwa sokoni, kelele nyuma, akitaka kujua kama anaweza kumbebea mwanawe samaki wakavu. Tukamwambia chakula kama hicho ni suala la forodha, aulize shirika la ndege kabla ya kufunga mzigo. Akafikiri kidogo.

"Basi nitabeba vikapu vya mkoma," akasema. "Vikapu havinuki."